Seli Shina na Magoti ya Elisante

Wajukuu zangu mnaosomea fiziotherapia, siku mjukuu wangu Neema, mwenzenu wa chuo, alipowaleta nyumbani hapa Same mlinikuta kibarazani napembua maharage, mkaniamkia shikamoo kwa sauti moja kama watoto wa darasa la kwanza. Makande yangu mliyamaliza, hilo nimewasamehe. Halafu yule kijana wenu mrefu akauliza kwa nini wagonjwa wetu wanapanda ndege kwenda kuchomwa sindano za seli shina, ilhali kwa ugonjwa kama wa uti wa mgongo vitabu vinasema bado ni majaribio. Nikamjibu haraka, "Ujinga, na matangazo ya kwenye simu." Mkacheka, mkaandika. Mlipoondoka nilibaki na ungo mapajani, uso unaniwaka kwa aibu. Lile lilikuwa jibu la mtu ambaye hajawahi kwenda, na mimi nimekwenda. Nilimsindikiza mgonjwa hadi huko ng'ambo, na mgonjwa mwenyewe ni mtoto wa marehemu kaka yangu.

Kwa hiyo nawaandikia jibu jingine. Mnivumilie nikizunguka, kwa sababu mstaafu akianza kusimulia kazi yake hafiki mapema.

Chumba chetu cha mazoezi pale hospitalini kilikuwa na dirisha moja na mikeka mitano. Wagonjwa walituita watu wa mazoezi, wengine wakandaji, na mzee mmoja wa Hedaru aliniita mwalimu wa michezo mpaka siku aliyopona. Chuo kilinipa cheti, lakini kazi nilifundishwa na Mzee Mshana, aliyenitangulia pale. Siku yangu ya kwanza alinikuta nimesimama juu ya mama aliyelala mkekani, namwagiza inua huu, shusha huu. Akanivuta sketi kwa nyuma. "Binti, piga magoti," akasema. "Huyu si ndama wa mnadani." Nikapiga magoti, na nimeendelea kuyapiga hadi yakaota sugu. Ndiyo maana mliona napata taabu kuinuka kuwaaga.

Mzee Mshana ndiye alinionyesha kushona mifuko ya uzito kwa miguu ya suruali kuukuu na kuijaza mchanga wa korongoni. Mipira ya mazoezi ya kuvuta tulikata kutoka kwenye tyubu za baiskeli, na vyuma vya kushikilia wakati wa kujifunza kutembea vilikuwa miti ya mikaratusi. Baadaye tuliletewa mashine ya umeme, ya kisasa kabisa. Ikaharibika, fundi akangojwa kutoka Dar es Salaam mpaka panya wakahamia ndani yake. Mifuko ya mchanga haikuwahi kutuangusha, ila mmoja uliopasuka juu ya mchungaji.

Kosa langu la kuchekesha kuliko yote lilikuwa kwa mzee wa Kimaasai kutoka huko bondeni, aliyevunjika nyonga. Nilimwambia kila asubuhi atembee kidogo, kisha arudi nimwone. Hakurudi. Nikajua nimempoteza. Mvua zilipoisha akatokea mlangoni na fimbo yake, anacheka. Hiyo 'kidogo' yake ilikuwa kuwapeleka ng'ombe majini na kuwarudisha, mwendo ambao mimi na afya yangu ningeufanya mara moja nikalala siku mbili. Nyonga ilikuwa imara kuliko zangu. Tangu hapo sikumpa mtu zoezi kabla ya kumuuliza siku yake inakwendaje na anataka kurudi kufanya nini.

Elisante, huyo mtoto wa kaka yangu, nilimuuliza hivyohivyo.

Ni seremala, anaishi Vudee, kule juu mlimani. Alianguka kutoka kwenye kenchi za nyumba aliyokuwa anaezeka, uti wa mgongo ukavunjika sehemu ya chini. Alifanyiwa upasuaji katika hospitali kubwa, akarudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu. Mimi nilikuwa nimestaafu karibuni, nikapanda Vudee kumwona. Mkewe Nakunda alikuwa amemlaza chumbani. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikamuuliza anataka nini.

"Shangazi, usiniambie habari za kutembea," akasema. "Niambie kama nitasimama kwenye benchi la baba."

Benchi hilo la useremala alilitengeneza kaka yangu kwa kimo chake mwenyewe, na kaka alikuwa mrefu. Anayepiga randa hatumii mikono tu, anaegemeza kifua na kusukuma kwa uzito wa mwili, kwa hiyo lazima asimame. Niliipima misuli ya kiunoni, nikakuta ipo hai. Nikamwambia kweli: kutembea sidhani, ila kusimama inawezekana. Utafungwa vyuma virefu vya miguu, magoti yatakazwa yasijikunje, utaegemea benchi na kufanya kazi saa moja, mbili, upumzike. Sharti ni moja, magoti yabaki yamenyooka, kwa sababu goti lililokunjika haliingii kwenye chuma.

Hapa shikeni kalamu. Mtu anayekaa kwenye kiti kutwa, kano za nyuma ya goti zinafupika, nyonga nazo zinakunjika. Dawa yake haina gharama: kulala kifudifudi nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, na mtu wa kumnyoosha taratibu bila kumkurupusha. Na kwa kuwa hasikii maumivu, ngozi ikaguliwe kila siku kwa kioo, hasa makalio na visigino. Nakunda alijifunza haraka kuliko wanafunzi wengi niliowahi kupewa. Baada ya miezi kadhaa tukaazima vyuma vya mtu wa kimo chake, tukamvalisha, tukamwinua. Akasimama kwenye benchi. Akachukua randa, akaipitisha kwenye ubao mara tatu, kisha akaiinua kuitazama. "Randa imekuwa butu," akasema. "Nani alikuwa anaichezea?" Nakunda alitoka nje kulia. Siku hiyohiyo tukaagiza vyuma vyake mwenyewe.

Sasa ikaja ile video. Binamu yake aliyeko Dar aliirusha kwenye kundi la simu la ukoo: mgeni mmoja anainuka kwenye kiti, anatembea, muziki unalia. Maelezo yalisema seli shina. Nyinyi mnajua ni seli changa ambazo bado hazijashika kazi maalumu, zinaweza kukua zikawa seli za namna nyingine. Kwa baadhi ya magonjwa ya damu, kumpandikizia mtu uloto, ule ute wa ndani ya mifupa, wenye seli hizo ni tiba ya kweli, imeokoa watu, na anayeifuata ng'ambo kwa sababu hapa hajaipata nisingemcheka hata kidogo. Kwa uti wa mgongo uliovunjika, bado wanatafuta. Nilijua hivyo wakati ule, kama ninavyojua leo.

Ukoo ulikaa, na Vudee nzima ikakaa pamoja nao. Wengi wenu si wa huku, niwaeleze. Sisi Wapare tunasemwa kwa ubahili na kwa kupenda kesi, wala sikatai, lakini tuna kitu kinaitwa msaragambo. Pembe inapigwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe, ndiva, yaani bwawa letu la kijiji, inazibuliwa matope ili maji yakusanyike ya kumwagilia mashamba. Barabara tumechimba hivyo na madarasa tumejenga hivyo. Nyumba isiyotoa mtu itasemwa mpaka wajukuu. Safari ya Elisante ikafanywa msaragambo. Pembe ikapigwa kweli, nimeisikia kwa masikio yangu, na kila nyumba ikaleta. Aliyekuwa na tangawizi akauza tangawizi. Bibi Nakijwa, mjane anayekaa juu ya kanisa, alileta kuku wake watagao, wote, kwenye tenga.

Tatizo ni kwamba anayechimbiwa ndiva hawezi kusema hana kiu.

Mimi nilifanywa katibu wa kamati na msindikizaji, kwa kuwa nawajua madaktari. Kikao cha kwanza nilijaribu. Nilisema utafiti haujafika huko, nikasema habari ya vyuma na benchi. Mzee Kajiru, mwenyekiti, alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu.

"Mama, tumekuelewa," akasema. "Ila hivi, kaka yako angekuwa hai, ungemwambia mwanawe atosheke na vyuma?"

Watu wote wakanigeukia. Nikajiona mimi ni shangazi ambaye hakujaliwa moyo. Nikakaa, nikafungua kalamu, nikaandika mahudhurio.

Vikao vilifanyika sebuleni kwa Elisante. Kila vilipofanyika yeye aliwekwa mbele, kwenye kiti chake, na shati limepigwa pasi, ili awashukuru wanaoleta. Nyumba moja ikitoka nyingine inaingia, asubuhi mpaka jua linazama. Nakunda hakutoka jikoni. Hakuna aliyemlaza kifudifudi, kwani utamlazaje mtu kifudifudi wageni wamejaa? Kila aliyegusia mazoezi aliambiwa ngoja, ataanza akifika kule kwenye vifaa. Vyuma vyake vililetwa katikati ya pilikapilika hizo, vikasukumwa chini ya kitanda ndani ya boksi lake. Nami nilikuwa napita nyuma ya kiti kile na karatasi zangu za ajenda, nayaona magoti. Magoti nayajua kuliko nyuso za watu. Nikawa nasema moyoni nikipata nafasi Jumatatu nitamnyoosha. Jumatatu kulikuwa na kikao.

Tulifika ng'ambo. Nchi sitaitaja, maana aibu ninayosimulia si yao. Hospitali ilikuwa ya vioo, sakafu unajiona uso. Daktari alikuwa dada kijana. Alivuta kistuli kifupi akakaa chini ya kimo cha Elisante, akaongea naye kupitia mkalimani muda mrefu kuliko ambao daktari yeyote wa kwetu alishampa. Alimuuliza anafanyia kazi mbao gani. Alisema pia wazi kwamba hawaahidi kitu, na kwenye karatasi walizotupa tuweke sahihi imeandikwa hivyohivyo. Basi msiniambie walitudanganya. Walimtoa uloto kwenye mfupa wa nyonga, wakautengeneza wanavyojua, wakamchoma mgongoni.

Kwenye chumba cha kungojea nilikaa jirani na mfanyabiashara mmoja kutoka Kenya aliyemleta mke wake aliyepooza upande mmoja. Nikamuuliza kama na wao waliona video.

"Video niliona, mama, na daktari wetu alinishow ni bahati nasibu," akasema. "Lakini ndugu za bibi yangu wangesema nini? Wangesema nilikaa tu nikiangalia ng'ombe wangu wakinona."

Niliporudi wodini nikamsimulia Elisante maneno ya yule bwana, nikidhani atacheka. Alikuwa amelala chali, magoti yameinuka chini ya shuka.

"Shangazi, kwani mimi ulifikiri nilitaka kuja?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Niseme lini? Pembe imeshapigwa. Bibi Nakijwa ameleta kuku wake. Nikisema siendi, wataona nimependa kukaa na huu ugonjwa. Nilikuwa nakungojea wewe useme tena. Ulisema mara moja tu."

Nilimfunika miguu, ingawa ilikuwa imefunikwa.

Siku ya tatu tangu sindano alikuja mtu wa mazoezi wa pale, mwanamume mwenye mvi, mikono mizuri ya kazi. Alipiga magoti bila kuambiwa. Akajaribu kumgeuza Elisante kifudifudi, nyonga zikakataa. Akashika goti la kulia akalinyoosha polepole, likafika mahali likagoma, la kushoto likagoma mapema zaidi. Aliyapima yote mawili kwa kipimo chake cha pembe. Kisha akauliza kitu, na mkalimani akatugeuzia: nyumbani alikuwa akifanyishwa mazoezi na nani?

Elisante alitazama dari. Mkalimani akawa ananingoja mimi.

"Na familia," nikasema.

Sikusema kazi yangu. Miaka yote ile juu ya magoti yangu, Mzee Mshana na mifuko yake ya mchanga, nikaiweka pembeni kwa maneno mawili mbele ya mtu ambaye nisingemwona tena maishani. Yule bwana akaitikia kwa kichwa kwa huruma, maana familia hazijui, akaanza kunifundisha namna ya kumlaza mgonjwa kifudifudi. Alinifundisha vizuri sana. Nami nikafuatisha kama mwanafunzi, mikono yangu ikijifanya haijui. Sijawahi kuona aibu kama ile, wajukuu zangu, na nilishawahi kumwagia mchungaji mchanga.

Tuliporudi kulikuwa na ibada ya shukrani. Kwetu msindikizaji ndiye husimama kuwasemea wagonjwa, na mimi nilikuwa nimeandaa maneno ya kuteleza: Mungu ni mwema, tumefika salama, tuendelee kuomba. Kanisa lilijaa mpaka nje. Nilipoinuka, Elisante akanishika kitenge.

"Kaa, shangazi," akasema, akanyoosha mkono apewe kipaza sauti.

Akawashukuru kwa majina ya vitongoji vyao, mmoja baada ya mwingine. Halafu akasema, "Sindano nilichomwa. Miguu ni ileile mliyoiaga. Ila magoti sasa yamekunjika kwa kukaa, kwa hiyo hata vile vyuma sitaweza kuvivaa. Naomba msinipigie makofi."

Mzee Kajiru aliinama kama anatafuta kitu sakafuni. Kisha nikasikia kiti kikilia nyuma, Bibi Nakijwa anasimama.

"Elisante mwanangu," akasema, "nani alikudai miguu? Sisi tulichanga tusije tukapishana na wewe njiani tukatazama majani kwa aibu."

Mchungaji akaona heri tuimbe, tukaimba. Baadaye nje watu walipanga foleni kumpa mkono. Walimshika mkono kwa nguvu, wakamwambia pole na karibu nyumbani, na macho yao yalikuwa kwenye majani.

Hilo ndilo jibu ambalo mngeandika siku ile. Wapo wanaokwenda kwa tumaini, na wapo wanaofuata tiba ambayo hapa haipo. Wangu alikwenda kwa sababu sisi wazima tulishindwa kuvumilia kumtazama akiwa amekaa, na yeye hakuweza kutunyima nafasi ya kujisikia wema. Mkikutana na familia yenye safari, msiwaambie ni wajinga. Semeni mnachokijua, mkikatizwa semeni tena kesho yake, hata kama kamati nzima itawageukia. Na wakisema lazima waende, sawa, ila mgonjwa asikae akingoja ndege. Alazwe kifudifudi wageni wakiwapo, waleteeni viti nje.

Nilihamia Vudee kwa muda. Tulinyoosha kila siku, tukamfunga magoti plasta ngumu ya kuyanyoosha kwa hatua nikiichunga ngozi kama mboni ya jicho, tukaifungua, tukafunga tena. Goti la kulia likarudi kwa kiasi. La kushoto lilipofika lilipotaka, likasimama hapo. Tulijaribu vyuma mara ya mwisho mbele ya Nakunda, kikafunga kimoja tu, tukavirudisha kwenye boksi.

Wiki iliyofuata Elisante alituita karakanani. Alikuwa na msumeno mapajani na penseli sikioni, na kwenye miguu ya benchi la kaka yangu alikuwa ameshachora mstari wa kukata, ili benchi lishuke hadi kimo cha mtu aliyekaa kitini. Akasema kazi za watu zimekaa sana. Nakunda akashika upande mmoja, mimi nikapiga magoti upande wa pili nikaukumbatia mguu wa benchi usitikisike. Alianza kukata. Ubao ule ni mgumu, unga wake ukawa unaniangukia mikononi, nami nikageuza uso kuelekea mlangoni.

"Shangazi, tazama huku," akasema, bila hasira. "Ukigeuka unalivuta, msumeno unapinda."

Nikatazama. Nilitazama mguu wa kwanza mpaka ukaanguka, halafu nikasogea kwa magoti kwenda kushika wa pili.